Kuchagua Lenzi ya Kupigia Picha za Nyuso

Katika vijiji vyetu vya Pemba, mtu mzima akifariki, jamaa huanza kutafuta picha yake. Mara nyingi ipatikanayo ni moja tu, nayo ni ile ndogo ya kitambulisho, iliyopigwa mbele ya ukuta mtupu, mwenyewe amekaza macho kama mtu angojaye hukumu. Hupelekwa mjini ikakuzwe, nayo ikikuzwa haina tena macho wala mdomo, ila vivuli na madoa. Wajukuu huambiwa, "Huyu ndiye bibi yenu," nao huitikia kwa adabu; lakini wale waliomjua hutazama kando, maana wajua kwamba siye.

Kwa sababu hiyo sisi walimu wachache wa upande wa Wete tulipatana kuchanga fedha, kidogo kidogo, ili tupige picha za wazee wa vijiji vyetu wangali hai, Wakristo na Waislamu pamoja, maana ujirani hauulizi dini. Kamera tulikuwa nayo. Lililobaki lilikuwa lenzi, yaani lile jicho la vioo litiwalo mbele ya kamera. Juu ya jambo hili tulibishana muda wa miezi miwili, na katika kubishana tulijifunza mengi. Tumeona vema kuwaandikia wasomaji yale tuliyojifunza, kwa kuwa fedha ya mchango ni amana, na anayeitumia yampasa ajue anunua nini na kwa ajili gani.

Huenda msomaji atauliza, "Lenzi ya nini, na simu i mfukoni mwa kila mtu?" Swali hili ni la haki, tena liliulizwa kwanza na mwenzetu mmoja. Simu yafaa sana nje, kivulini, mchana. Lakini ina mambo mawili yasiyofaa kwa kazi yetu. La kwanza, jicho lake ni dogo mno, basi ikiingizwa katika chumba chenye giza hubuni kile isichokiona; hulainisha ngozi, na makunyanzi ya mzee hufutika, kana kwamba miaka yake 80 haikuwa kitu. La pili, jicho hilo huona upana mkubwa, hata mpigaji hulazimika kumkaribia mtu sana ili uso ujae. Pua hukaa kama sentimita 12 mbele ya sikio. Ukisimama sentimita 40 tu mbele ya mtu, pua iko karibu sana kuliko sikio, nayo huonekana imevimba. Ukirudi nyuma mita moja na nusu, tofauti hiyo huwa ndogo, na uso hurudia umbo lake lile tulijualo. Kosa hili si la kioo, bali ni la umbali. Kazi ya lenzi ndefu ni kutuwezesha kusimama mbali na bado kuujaza uso katika picha.

Sasa tuseme habari ya nuru, maana hapo ndipo penye shida yetu kubwa. Pemba iko karibu na mstari wa ikweta, nyuzi 5 hivi kusini yake. Jua la adhuhuri husimama utosini, na mtu akiwekwa nje saa sita, macho yake huwa mashimo mawili meusi chini ya paji, na ncha ya pua hung'aa kama sahani. Tena mzee haketi juani. Huketi barazani, au ndani karibu na mlango, au jikoni. Nyumba zetu zimejengwa kwa kukimbia jua: madirisha madogo, paa linaloshuka chini, kuta nene. Tangu mwaka 2010 umeme huja kisiwani kwa waya upitao chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na nyumba nyingi zina taa. Lakini taa moja iliyoning'inia katikati ya dari humwangazia mtu utosi kama jua la adhuhuri, tena kwa unyonge. Nuru iliyo njema kuliko zote katika nyumba zetu ni ile iingiayo mlangoni ubavuni mwa mtu, asubuhi au baada ya alasiri. Ni nuru laini, nayo huonyesha kila mkunjo wa uso bila ukali. Upungufu wake ni mmoja: ni kidogo.

Wengine walisema, "Washeni flashi." Tuliijaribu. Flashi iliyo juu ya kamera hupiga uso kama kofi. Mzee hufumba macho, ukutani nyuma yake hutokea kivuli cheusi, na ile nuru ya mlangoni, iliyo uzuri wote wa chumba, hupotea kabisa. Basi tukaazimia kuitumia nuru iliyopo, na kutafuta lenzi iwezayo kuikusanya.

Hapa yafaa kueleza maana ya lenzi kuwa "nyepesi", kama mafundi wasemavyo. Ndani ya lenzi mna mboni, mfano wa mboni ya jicho la paka, ifunguliwayo na kufungwa kwa vipande vyembamba vya chuma. Upana wa mboni huandikwa kwa namba, na namba hiyo hupatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa upana wa mboni. Kwa hiyo namba ndogo ni mboni kubwa, jambo liwachanganyalo wanafunzi wote siku ya kwanza. Namba hizo hufuatana hivi: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8. Kila hatua moja kwenda mbele hupunguza nuru kwa nusu. Lenzi ya kawaida iuzwayo pamoja na kamera, ukiivuta mpaka urefu ufaao nyuso, aghalabu haifunguki zaidi ya 5.6. Lenzi ifungukayo mpaka 2 hupitisha nuru karibu mara 8 ya ile.

Mara 8 hizo ni nini kwa mzee aliyeketi mlangoni? Ni hivi. Kama lenzi ya 5.6 yataka pazia la kamera likae wazi sehemu ya 8 ya sekunde, ile ya 2 itatosheka na sehemu ya 60. Katika sehemu ya 8 ya sekunde mkono wa mpigaji hutetemeka, na mzee huvuta pumzi, hupepesa macho, hugeuza kichwa amtazame kuku. Katika sehemu ya 60 mambo hayo huwa kama yamesimama. Kuna njia ya pili, nayo ni kuiamuru kamera ikuze nuru kidogo iliyoipata. Lakini ikikuza sana, picha huingia chenga kama mchanga, na chenga hizo hukaa hasa mahali penye rangi nyeusi. Nyuso zetu ni nyeusi. Kwa hiyo lenzi hafifu katika chumba chenye giza humnyang'anya Mwafrika uso wake kabla hajanyang'anywa mtu mwingine.

Wala shida hii si ngeni. Katika miaka iliyofuata 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikiwapelekea wasafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke Mzungu, na kwa miaka mingi ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi iliyo sawa. Watu weusi walitoka katika picha meno na macho tu. Siku hizi mitambo imetengenezwa vizuri zaidi, lakini kamera bado hudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kijivu, kati ya nyeusi na nyeupe. Mpe mzee aliyevaa kanzu nyeupe. Kamera itaiona kanzu, itasema nuru ni nyingi, itapunguza, na uso utazama gizani. Mpigaji yampasa aipimie nuru usoni, si nguoni. Uso ukitoka vema, kanzu ikazidi weupe kidogo, hakuna aliyedhurika.

Tamaa ya kuikusanya nuru kwa ajili ya uso ni ya zamani kama picha zenyewe. Mwaka 1839, ustadi wa Daguerre ulipotangazwa Ufaransa, mtu aliyetaka picha yake ilimbidi akae kimya dakika nyingi, na baadaye kidogo kichwa kilishikiwa kwa chuma kwa nyuma kisitikisike. Mwaka 1840 mwalimu wa hesabu wa mji wa Vienna, jina lake Joseph Petzval, alipiga hesabu ya lenzi mpya yenye mboni ya 3.6 hivi, iliyotengenezwa na Voigtländer. Dakika zikawa sekunde, na watu wakaweza kupigwa picha wakiwa na sura za watu walio hai. Twalipenda jambo hili, kwamba lenzi ya nyuso ilizaliwa darasani kwa kalamu ya mwalimu. Kwetu huku, karne hiyo haijaisha, Unguja ilikwisha kuwa na vyumba vya wapiga picha, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, iliyohifadhi sura za watu wa Unguja kwa miaka mingi sana. Aliyekuwa na nauli ya meli na fedha ya picha aliweza kuwaachia wanawe uso wake. Mchuma karafuu wa Pemba hakuwa navyo.

Basi tulipokwisha kukubaliana kwamba twataka lenzi nyepesi, ugomvi ulihamia katika mambo matatu: urefu wake, ukubwa wa mboni yake, na kama ijilenge yenyewe au ilengwe kwa mkono.

Kwanza, urefu. Urefu wa lenzi huandikwa kwa milimita. Wapiga nyuso hupenda lenzi za 85 mpaka 135 katika kamera yenye kihisi kikubwa, yaani kile kibao kipokeacho picha badala ya filamu. Lakini kamera nyingi za bei ya kiasi, na yetu ni mojawapo, zina kihisi kidogo, kikatacho kingo za picha. Katika hizo lenzi hufanya kazi kana kwamba ni ndefu mara moja na nusu. Hivyo lenzi ya 58 huwa kama ya 87. Mmoja wetu alitaka ya 135 kwa kuwa aliona picha zake ni nzuri mno. Tukachukua kamba tukapima. Kwa lenzi ya 58 mpigaji asimame mita moja na nusu ili apate kichwa na mabega. Kwa ile ya 135 yambidi arudi nyuma zaidi ya mita 3. Tulipima vyumba vya nyumba tatu, na katika viwili mpigaji angetoka nje kupitia ukutani. Kamba ikaamua neno ambalo ndimi hazikuweza kuamua.

Pili, mboni. Vijana wetu walitaka ya 1.4, na mmoja ya 1.2, wakisema kwamba ikiwa kubwa ni njema, kubwa zaidi ni njema zaidi. Lakini mboni ikifunguliwa sana, sehemu ya picha iliyo wazi huwa nyembamba. Kwa lenzi ya 58 iliyofunguliwa mpaka 2, kwa umbali wa mita moja na nusu, wembamba huo ni kama sentimita 5: macho yote mawili na mdomo huwa wazi, na masikio huanza kuyeyuka kwa upole. Kwa lenzi ya 85 iliyofunguliwa mpaka 1.4, kwa umbali huohuo na kamera ileile, hazifiki sentimita 2: jicho moja wazi, la pili ukungu. Mzee akiketi husogea mbele na nyuma kwa pumzi zake tu, na sentimita 2 ni pumzi moja.

Wenye kupenda mboni kubwa hutaja sinema ya Barry Lyndon ya mwaka 1975. Mkurugenzi wake, Stanley Kubrick, alipiga vyumba vilivyowashwa mishumaa tu, kwa lenzi ya Zeiss yenye mboni ya 0.7, ambayo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya shirika la Marekani la safari za anga. Ni kweli, na kazi ile yastaajabisha. Lakini waigizaji walitakiwa wasisogee, maana wakisogea hupotea; nao walilipwa kwa kazi hiyo. Bi Mkubwa wa Konde halipwi kitu. Tena picha ya uso ijulikanayo kuliko zote za miaka yetu, ya msichana mkimbizi Mwafghani aliyepigwa na Steve McCurry nchini Pakistan mwaka 1984, ilipigwa kwa lenzi ya Nikon ya milimita 105 yenye mboni ya 2.5 tu, ya kulenga kwa mkono. Waungwana wa pwani husema, mchagua nazi hupata koroma. Aliyezunguka duka zima akitafuta namba iliyo ndogo kuliko zote aweza kurudi na lenzi ghali, nzito, isiyoweza kushika macho mawili kwa pamoja.

Tatu, kulenga. Lenzi za siku hizi zina mtambo ndani ujilengao wenyewe. Kwa harusi yenye ngoma, kwa watoto wakimbiao, kwa maandamano ya Matawi, mtambo huo ni msaada mkubwa, na anayepiga picha za namna hiyo kwa riziki yake asinunue lenzi ya mkono kwa kusoma makala haya. Lakini kazi yetu ni mtu mmoja aliyeketi. Tena katika giza mtambo huo mara nyingi hutangatanga, mbele na nyuma, kama mtu atafutaye kitasa usiku, na mwisho hushika mtandio badala ya jicho. Lenzi ya mkono haina mtambo wa kuharibika; ina pete ya chuma izungukayo, na katika lenzi nzuri mzunguko wake ni mrefu na mlaini, hata jicho liweze kuletwa kwa unywele. Kamera mpya isiyo na kioo ndani husaidia: hukuza sehemu ndogo ya picha katika skrini, au hupaka rangi kingo zilizo wazi, nawe waona jicho la mtu kabla hujabonyeza. Na kwa kuwa wengi hawazitaki, lenzi za zamani za namna hii hupatikana kwa bei ndogo kuliko mpya zijilengazo zenye mboni kama hiyo.

Kuna na faida nyingine ambayo haikuandikwa katika karatasi yoyote ya muuzaji. Kulenga kwa mkono huchukua muda. Siku moja, tukimpiga bibi mmoja, mwenzetu aliizungusha pete taratibu, akarudi, akaizungusha tena. Bibi akasema, "Mwanangu, mbona hupigi? Au mimi mbaya?" Akajibiwa, "Siyo, Bi Mkubwa, nalingoja jicho lako." Bibi akacheka, akaanza kusimulia jinsi mumewe alivyoanguka mkarafuuni na kuamka akiuliza kapu lake liko wapi. Uso uliotokea wakati ule ndio uso wake. Wa dakika ya kwanza ulikuwa ni ule wa kitambulisho.

Basi tulinunua lenzi iitwayo Helios-44-2, iliyotengenezwa Urusi katika siku za Soviet, kwa kufuata mfano wa Biotar ya Zeiss ya Ujerumani. Mbele yake imeandikwa 2/58: ya kwanza ni mboni, ya pili ni urefu. Zilitengenezwa nyingi sana, ndiyo sababu hazina bei kubwa. Ina pete mbili za mboni: moja huwekwa katika namba uitakayo, ya pili hufungua na kufunga mpaka hapo. Hulenga kutoka nusu mita. Nyuma yake ina hesi ya milimita 42, ambayo haiingii katika kamera za siku hizi bila pete ya kuunganishia. Nayo pete hiyo ni chuma kitupu, haina ghali. Lakini mnunuzi ajihadhari: lenzi za hesi hii zataka zikae milimita 45 na nusu hivi mbele ya kihisi. Kamera zisizo na kioo zina nafasi tele ya pete. Kamera za Nikon za kioo hazina, na ukiitia humo haitaona mbali, ila kwa pete yenye kioo kingine ndani, kiharibucho picha.

Hatusemi kwamba hii ndiyo bora kuliko zote. Ziko Takumar za Pentax, ziko Nikkor na nyinginezo, nyingi zimetengenezwa vizuri zaidi. Hii iliingia katika vyumba vyetu na katika mkoba wetu.

Anayenunua lenzi kuukuu aikague kama akaguavyo mbuzi, kwa mkono wake mwenyewe. Aifungue mboni yote, aielekeze penye mwanga, atazame ndani. Vumbi kidogo si neno. Mkwaruzo mmoja mdogo wa mbele si neno sana. Lakini akiona nyuzi mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hula ngozi laini iliyopakwa juu ya kioo, asiinunue. Akiona ukungu mweupe, apitishe tochi; ukungu huo hufifiza picha. Atazame vile vipande vya mboni kama vina mafuta. Azungushe pete ya kulenga kutoka mwanzo hata mwisho: isikwame, wala isiwe legelege. Lenzi nyingine za zamani zina kioo chenye madini ya thoriamu, kigeukacho manjano kwa miaka. Manjano hayo hupungua lenzi ikianikwa juani siku nyingi, lakini mgeni wa kazi hii ni heri azipite.

Na lenzi ikifika Pemba, vita vya kweli ndipo vianzapo. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na masika huzidi. Kuvu hupenda giza, unyevu na utulivu, yaani hupenda hasa lile kabati ambamo mtu mwangalifu huficha kitu chake cha thamani. Mkoba wa ngozi pia hushika unyevu. Sisi huiweka katika kopo la plastiki lifungikalo barabara, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukaushia vipatikanavyo katika masanduku ya viatu vipya. Na kila juma huitoa, tukaitumia. Lenzi itumikayo hudumu kuliko ile ihifadhiwayo kwa heshima. Tena tukitoka pwani huipangusa chumvi kwa kitambaa laini kikavu, kwa nje tu, hatuifungui.

Limebaki neno moja, nalo si la vioo. Yule msichana Mwafghani uso wake ulienea duniani katika gazeti la National Geographic la Juni 1985, na jina lake halikujulikana kwa ulimwengu mpaka mwaka 2002. Miaka 17 watu walimtazama machoni wasijue aitwaje. Kwa hiyo sisi tumejiwekea kanuni tatu. Kwanza, twapiga hodi na kuomba ruhusa, na asiyetaka tunakunywa naye chai tukaenda zetu. Wako wazee wa kike wasiopenda sura zao kuonwa na wageni, nao wana haki. Pili, kila picha huchapwa kwenye karatasi, na ya kwanza hupewa mwenyewe mkononi, kabla hatujaiona sisi kwa raha zetu. Tatu, nyuma yake huandikwa kwa kalamu ya risasi jina lake lote, la baba yake, kijiji, na mwaka.

Mpaka sasa tumepiga wazee 31. Wanne wamekwisha kufariki. Katika msiba wa mmoja wao tuliikuta picha yake imewekwa juu ya kasha, na mjukuu wa miaka kama sita ameigeuza, afuata herufi kwa kidole, alisoma jina la bibi yake silabi kwa silabi. Hakuna aliyemwuliza ilipigwa kwa lenzi gani, wala haikumpasa mtu kuuliza.

Basi msomaji mpenzi, kama katika kijiji chako mko watu watatu wenye nia hii, msianze kwa kuuliza lenzi ipi inasifiwa. Anzeni kwa kuhesabu wazee wenu. Kisha ingieni katika nyumba zao saa kumi alasiri, mkaone nuru huingia wapi na chumba kina urefu gani. Mkiisha kujua hayo, lenzi mtakayohitaji itajulikana yenyewe, wala haitakuwa ile ghali. Ila msikawie, duka litakuwapo mwakani.